Kichomeo cha gesi si kazi ya kufanyia stoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi na walimu wa Mbeya kuhusu jambo lililotokea nyumbani kwa dada yangu, Ilomba, Julai iliyopita. Nimefanya kazi ya maabara za sekondari hadi nikastaafu, kwa hiyo nilipoitwa usiku ule sikuhitaji maelezo marefu. Stoo nilikuta mtungi wa kilo 6 uliofunguliwa kichwa, tyubu ya baiskeli iliyokazwa kwa waya, na kipande cha bomba la maji kilichotobolewa matundu mawili ubavuni kwa msumari. Nikajua mpwa wangu alikuwa anaunda nini. Kichomeo cha Bunsen, kile cha gesi tunachotumia maabara.

Yuko kidato cha tatu. Tangu kidato cha kwanza amekariri kwamba chumvi za shaba hufanya moto uwe kijani, za sodiamu njano, za kalsiamu nyekundu ya tofali. Amekariri, hajawahi kuona. Meza za maabara ya shule yao zina koki za gesi ambazo, kwa maneno yake, "zinatoa vumbi". Basi akafuata video ya kwenye simu, jamaa wa ng'ambo anaunga mabomba mawili matatu, na moto wa buluu unasimama wima kama mkuki. Simlaumu kwa kutaka kuona. Mwanafunzi asiyetaka kuona ndiye angenitia wasiwasi.

Ila video ile haikumwambia ni gesi gani. Huko ng'ambo wengi wanatumia gesi asilia inayofika kwa bomba la ukutani kwa presha ndogo. Ni ndugu wa gesi yetu ya Songosongo na Mnazi Bay: sehemu kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda juu. Sisi wa nyanda za juu tunatumia ya mitungi, yaani propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, butani mara mbili. Ikivuja hutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, ikajaa uvunguni mwa kitanda na kati ya magunia ya mahindi. Ikifika asilimia 2 hivi ya hewa ya mahali hapo, cheche moja inatosha.

Usiku ule dirisha la stoo lilikuwa limezibwa kwa gunia. Baridi ya Julai mnaijua. Kijana akafungua koki, ndipo akakumbuka kuwa kiberiti kiko jikoni. Akakifuata, akarudi. Alipowasha, moto haukutokea kwenye bomba, ulitokea chini. Nyusi zake hazikuguswa. Aliungua kuanzia vifundo vya miguu hadi chini kidogo ya magoti, na mimi niliyetazama ngozi ile niliweza kusoma gesi ilikuwa imepanda hadi wapi. Dada, kwa hofu, akampaka dawa ya meno. (Wazazi wenzangu, jeraha la moto ni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno iacheni bafuni.)

"Harufu niliisikia, mjomba," aliniambia baadaye, "nikadhani gesi ndivyo inavyonuka." Gesi hiyo haina harufu. Ile ya kitunguu kilichooza huongezwa makusudi ili pua ikuambie kuna mahali panavuja.

Watu wanaona kichomeo ni bomba tu. Robert Bunsen alipokitaka kule Heidelberg mwaka 1855, alikuwa na fundi wa vyombo wa chuo, Peter Desaga, wa kumtengenezea, na gesi yao ilikuwa ya makaa ya mawe. Bomba ndilo sehemu rahisi. Kazi yote iko kwenye kitundu cha chini kinachopitisha gesi. Kitundu hicho hupimwa kulingana na aina ya gesi na presha yake, na gesi ikipita kwa kasi ndiyo inayovuta hewa kupitia matundu ya ubavuni. Gesi na hewa vikipanda polepole kuliko moto unavyosafiri, moto unarudi ndani ya bomba na kuwakia chini, kwenye mpira. Nimeona ikitokea hata kwa vichomeo vya kiwandani, mtoto anapowasha huku ameachia hewa yote. Hapo angalau mwalimu yupo na koki iko mezani.

Sasa fikiria tyubu ya baiskeli. Mpira wa kawaida huvimba na kulegea ukikaa na gesi hii. Regulata ya nyumbani, kile kifaa cha kupunguza presha kinachofungwa kwenye mtungi, hutoa presha ya milibari 30 hivi. Mtungi usio na regulata unaweza kusukuma mara mia ya hiyo. Maungio alimpelekea fundi redio, akayalehemu kwa waya wa kulehemia redio, mchanganyiko wa bati na risasi, ambao huyeyuka kwenye nyuzi 180 na kitu. Na bomba lenyewe lilipakwa zinki, ambayo ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa. (Wale mnaosogeza mtungi kando ya jiko la mkaa asubuhi za baridi ili "uchangamke", na ninyi nawasema humu humu.)

Atakayesema basi watoto watumie spiriti kwenye kopo la soda, nimwambie moto wa spiriti mchana hauonekani. Mtu anadhani umezimika, anaongeza, na moto unapanda hadi kwenye chupa iliyo mkononi.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamefikiwa ifikapo 2034. Ni jambo jema, sipingi. Lakini maana yake mitungi itakuwa karibu kila stoo, pamoja na vijana wenye simu.

Nilimpeleka mpwa wangu Jumamosi moja kwenye maabara ya rafiki yangu, miguu bado na bandeji. Akachovya waya kwenye kloridi ya shaba, akausogeza motoni. Alitazama muda mrefu. "Mjomba, mbona kijani chake kina buluu ndani? Kwenye daftari hatukuandika hivyo."

Ombi langu kwa wakuu wa shule ni Jumamosi mbili kwa mwezi, maabara ikiwa wazi na mtu mzima ndani. Mkikosa mtu, mimi nipo na koti langu la maabara bado linanitosha. Posho sitaki, nauli ya bajaji kutoka Ilomba tu.

Wako,
Fundi sanifu maabara mstaafu,
Ilomba, Mbeya