Mbwana, mbona kimya?

Ulm, Ujerumani

Sahibu yangu Mbwana,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, shemejiyo anakusalimu sana, wajukuu wanakua na Kiswahili chao cha kuombea chapati tu. Natumai mguu wa Bi Mwanahamisi umepoa.

Sasa tuingie kwenye jambo. Ujumbe wa safari ya baiskeli nilikutumia tangu kabla ya mvua za vuli, ukanijibu kwa kile kikatuni kinachocheka hadi machozi, halafu kimya. Kombo ananiambia umetangaza barazani kwamba kiinua mgongo kimenipanda kichwani. Haya, jina nimelipokea. Ila sikutanii, bwana.

Njia ni hii: tunaanzia Donaueschingen, huku huku Ujerumani, mahali wanapohesabu kuwa mto Danube unazaliwa, tunaufuata mto mpaka Constanța, Bahari Nyeusi. Mto wenyewe ni kama kilomita 2,850. Usigune kwanza! Kwa kilomita 60 kwa siku ni kama Tanga hadi Pangani na ziada kidogo, na wewe Pangani ulikuwa ukienda kwa Phoenix isiyo na gia, vumbi hadi kwenye kope, Mhina umempakia kwenye keria. Huku kuna njia za baiskeli kando ya mto, na vibao vyenye namba 6 vinakuelekeza. Toka Passau hadi Vienna wanapita wazee wa miaka 80 na vikapu vyao vya chakula. Na jumla ya safari ni mteremko, maana Donaueschingen iko karibu mita 680 juu ya bahari. Nilipomwambia hivyo shemejiyo akauliza, "Na magoti nayo yanateremka?"

Kinachoninyima usingizi si magoti, ni viza yako. Mimi nina kibali cha kukaa, wewe huna. Shengeni, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, wanakupa siku 90 kati ya kila 180, hizo zinatutosha hata tukipumzika ovyo. Tatizo ni Serbia, iko katikati ya njia na haimo Shengeni. Ukipewa viza ya kuingia mara moja, ukitoka Kroatia kwenda Novi Sad, Serbia, basi mlango umejifunga nyuma yako, na Bulgaria na Romania mbele nako ni Shengeni, hata mipaka ya nchi kavu tangu 1 Januari 2025. Kwa hiyo kwenye fomu uombe ya kuingia mara nyingi. Mara nyingi, Mbwana! Serbia wenyewe hawana neno, ukiwa na viza hai ya Shengeni wanakupitisha. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada euro 90, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Barua ya udhamini nitaiandikisha mimi ofisi ya wageni hapa na kukutumia ile halisi, lakini siwezi kuiandikisha bila nakala ya pasi yako, na pasi yako… ile ya hija si imekwisha muda?

Nilitaka kukuficha hili mpaka tufike, lakini ndilo hasa linalonivuta. Kwenye mpaka wa Serbia na Romania mto unabanwa na milima, wanapaita Mlango wa Chuma. Palikuwa na kisiwa, Ada Kaleh, wakikaa Waturuki Waislamu na msikiti wao. Likajengwa bwawa la umeme, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kikazama chote. Zulia la ule msikiti lilikuwa limehamishiwa msikiti mkuu wa Constanța, uliojengwa kati ya 1910 na 1913. Nataka tukasali pale, mimi na wewe, tukiwa bado na jasho la njiani. Najua utasema zulia hata Ngamiani, kwetu Tanga, lipo.

Mengine ni madogo. Upande wa Serbia kuna mahandaki ya barabara yenye giza, taa lazima. Mbwa wa Romania wana sifa mbaya kwa waendesha baiskeli, hapo utatangulia wewe. Tyubu, viraka na solusheni nitanunua huku. Nafikiria tuondoke baada ya Idi ya kuchinja, ingawa Juni hapa sala ya magharibi inaingia saa tatu na nusu usiku na alfajiri inakuja kabla hujageuka ubavu.

Lakini turudi kwenye pasi. Uhamiaji utakwenda lini? Taarifa ya benki ya miezi mitatu unaweza kuipata, au ile hesabu ya duka bado anaishika shemeji? Amekubali lakini, au hujamwambia? Nimpigie mimi? Na baiskeli ya betri utakubali kupanda, au utasema ni pikipiki ya waoga? Mimi nimeijaribu ya jirani, sikuteremka kwa hiari. Goti la kushoto daktari amesemaje? Na Mhina, anapatikana kwa namba ipi siku hizi, maana nikimkosa wewe nitamchukua yeye, nawe utabaki barazani kumsikiliza Kombo?

Nijibu kwa maneno, si kwa kikatuni.

Wako,
Salimu