Barua kwa Mwanangu: Mwendo wa Watoto

Bagamoyo

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku hatujambo. Baba yako amepona kifua na ameanza tena kwenda shambani. Tumefurahi sana kusikia kwamba mwezi wa Desemba mtakuja wote, wewe, mkwe wangu na wajukuu zetu, na kwamba hutaki safari hiyo ya kutoka Tanga iwe ya kufika tu, bali iwafundishe watoto jambo fulani juu ya Mungu. Umeniomba nikuandikie mistari ya Biblia ya kusomwa katika kila kituo, Muheza mstari wake, Segera wake, Msata wake. Nimeliwaza ombi lako, na kwa kuwa jibu langu limezidi orodha, nimeona nikuandikie barua kamili.

Katika Kumbukumbu la Torati 6:7, Musa anawaagiza wazazi wa Israeli wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu na kuyanena “uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo”. Wewe umelishika hilo la njiani, na umefanya vyema, kwa sababu wazazi wengi siku hizi humpa mtoto simu tangu gari linapowashwa mpaka linapozimwa, kisha wakashangaa kwamba amefika bila kuona chochote. Lakini angalia jinsi agizo lenyewe lilivyokaa. Njia imetajwa pamoja na kuketi, kulala na kuamka, mambo ambayo watu huyafanya kila siku bila kengele wala ratiba. Mtoto aliyebanwa kwenye kiti cha basi tangu alfajiri, mwenye kiu na miguu iliyokufa ganzi, hawezi kupokea mahubiri hata yawe mazuri namna gani, na mimi naamini kabisa kwamba haimpendezi Mungu jina lake lizoeane na uchovu katika moyo wa mtoto.

Kisa ninachotaka ukitafakari kabla ya safari ni cha Yakobo katika Mwanzo 33. Amekutana na Esau baada ya miaka mingi ya hofu, wamekumbatiana na kulia, na Esau kwa furaha yake anataka waondoke pamoja saa ileile. Yakobo anamjibu kwa adabu kwamba watoto ni wadogo, na wanyama wananyonyesha, na kundi likiharakishwa hata kwa siku moja litakufa lote. Basi ndugu yake atangulie, naye atamfuata polepole kwa mwendo wa wanyama na kwa mwendo wa watoto. Kumbuka ni mtu gani anayesema maneno hayo. Ni yule aliyemshika ndugu yake kisigino siku ya kuzaliwa, akaiwahi haki ya mzaliwa wa kwanza, akaiwahi na baraka ya baba yao. Maisha yake yote alikuwa wa kutangulia. Ila muda mfupi kabla ya kukutana na Esau alikuwa ameshindana mweleka hadi alfajiri pale Penieli, na jua lilipomchomozea alikuwa akichechemea. Mimi naona kwamba mtu yule, alipoguswa paja na Mungu, ndipo alipoanza kuwaona wale wasioweza kukimbia. Kwa hiyo ninaposema kwamba safari ya familia inalea roho, jambo ninaloliweka mbele ya mengine yote ni hili: aliye dhaifu kuliko wote ndiye anayewapangia wengine mwendo, na wengine wanaukubali mwendo huo kwa upendo.

Utakumbuka jinsi kaka yako mdogo alivyokuwa akitapika kila tulipopanda gari. Baba yenu alikuwa akienda mbele kumwomba dereva asimame kidogo, abiria wakinung'unika, nawe ukiwa msichana mwenye hamu ya kufika kwa shangazi ulikuwa unanuna na kugeukia kando. Hatukukukemea, wala hatukukusomea mstari wowote. Ikafika safari moja ambayo, bila kuagizwa na mtu, ulimpisha kaka yako dirishani, ukamkatia ndimu anuse, ukamshikia mfuko mpaka akapumua. Paulo anawaandikia Wagalatia, “Mchukuliane mizigo, na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo”, na mistari mitatu mbele anasema kwamba kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Nimewasikia watu wazima wakibishana juu ya mistari hiyo miwili kana kwamba mmoja unaufuta mwingine. Mtoto anayebeba mfuko wake wa nguo, na kwa mkono wa pili akamshikia mdogo wake chupa ya maji, ameitii yote miwili kabla hajaweza kuisoma. Ndiyo maana nakusihi kila mjukuu wangu awe na mfuko wake mwenyewe, mwepesi kwa kadiri ya umri wake, na asiubebe mwingine kwa niaba yake isipokuwa anapochoka kweli.

Mkishafika, usikose kuwatembeza watoto kwa miguu hadi Misheni, kwa njia ile ya miembe, na msiende wakati wa jua kali. Mji huu wetu uliishi kwa misafara. Wapagazi walitoka Ujiji na Tabora wakiwa na pembe za ndovu mabegani, mzigo wa kilo kama 30 kwa mtu mmoja, wakatembea miezi kadhaa hadi kuiona bahari; na walikuwapo wengine walioletwa wamefungwa, ambao kwao kufika hapa kulikuwa mwanzo wa huzuni kubwa zaidi. Usiwafiche watoto jambo hilo, ila liseme kwa maneno wanayoweza kuyabeba. Waeleze kwamba mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliweka makazi yao hapa mwaka 1868, wakawakomboa watumwa, wengi wao wakiwa watoto wa umri wa hao wajukuu zangu, na kuwajengea kijiji chao. Kisha waoneshe mnara wa kanisa la zamani, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye Uingereza.

Kuhusu mwili huo nina neno la kuongeza. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Watu aliokuwa akisafiri nao, wakiongozwa na Abdulla Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua na chumvi, wakaufunga ndani ya gome la mti na kitambaa, kisha wakaubeba hadi pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,600 iliyowachukua miezi 9 hivi. Hawakuwa wamebaki kidogo tu kufika. Walikuwa ndani kabisa ya bara, na wangeweza kumzika palepale kisha kila mtu akashika njia yake, wala hakuna ambaye angewalaumu. Maradhi yaliusimamisha msafara wao mapema, wakangoja mpaka wagonjwa wakapata nguvu, ndipo wakaendelea. Simulizi nyingi za kisa hiki zimeelekezwa kwa yule aliyebebwa, lakini mimi nataka wajukuu zangu wawajue waliobeba, wayajue majina yao na wayatamke, kwa sababu hao ndio waliokwenda kwa mwendo wa mtu asiyeweza tena kwenda.

Susi wakati huo alikuwa Mwislamu, na alibatizwa miaka mingi baadaye. Nikilifikiri hilo huwa naikumbuka jioni moja ya Ramadhani, basi letu lilipoharibika kati ya Mkata na Segera. Jua lilipozama, abiria waliofunga walifungua walichokuwa nacho, tende, maji na mihogo ya kuchemsha, na mama mmoja aliyekaa nyuma yetu akakugawia wewe na kaka yako kabla hajatia chochote kinywani mwake. Ukaninong'oneza ukiuliza kwa nini anatupa sisi ambao hatukufunga. Nilikuwa na Luka 10 mdomoni, yule Msamaria na mtu aliyeangukia kati ya wanyang'anyi katika njia ya Yeriko, nikaona ni heri ninyamaze. Swali lako lilikuwa lako, na lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Nikakuambia tu, “Mshukuru mama, mwanangu, kisha ule.” Miaka ikapita. Katika Kwaresima mojawapo, ukiwa tayari sekondari, ulinijia jikoni ukaniambia kwamba kufunga bila kumgawia mtu hakukutoshi, na ukataka tumpelekee chakula jirani yetu aliyekuwa mgonjwa. Hilo ndilo neno la Isaya 58, kwamba saumu aliyoichagua Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako, nawe hukulipata kwangu. Hukulitaja basi lile, wala mimi sikulitaja, lakini nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mama yule, ambaye sijui alishukia wapi.

Ninakueleza haya kwa sababu najua kiu yako. Unataka kuona tunda la kiroho kabla hamjashuka garini. Mtazame Mariamu katika Luka 2. Familia ile ilikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, na Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12 walirudi mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara, pamoja na jamaa na marafiki zao. Wapo wanaowalaumu wazazi hao kwa uzembe. Mimi siwalaumu, na nadhani mtu yeyote aliyesafiri na ukoo mzima kwenda harusini Pangani au msibani Korogwe hatawalaumu, maana katika safari ya namna hiyo mtoto ni wa wote, na mama hupumua kidogo kwa sababu ya shangazi na wajomba waliomzunguka. Walimpata baada ya siku 3, Mariamu akamuuliza kwa uchungu wa mzazi, akajibiwa neno ambalo, asema Luka, yeye na Yusufu hawakulielewa. Mama wa Bwana mwenyewe alitoka katika safari ile akiwa na jibu asilolielewa, akaliweka moyoni mwake, akarudi Nazareti kupika na kuteka maji. Ikiwa yeye aliweza kungoja, binti yangu, sisi tunaharakia wapi?

Pia tazama namna Bwana mwenyewe alivyofanya baada ya kufufuka, katika njia ya Emau. Wanafunzi wawili walikuwa wakienda kijiji kilicho umbali wa kilomita kama 11, nyuso zimekunjamana, na Luka anasema Yesu alikaribia akaandamana nao. Alikuwa na habari kuu kuliko zote zilizowahi kusemwa duniani, naye akaanza kwa kuuliza: “Ni maneno gani haya mnayosemezana hivi mnapotembea?” Akawaacha wamweleze yote, hata yale aliyoyajua kuliko wao, hata makosa yao. Ndipo akawafunulia Maandiko. Nakuomba ufuate utaratibu huo na watoto wako. Waulize wameona nini dirishani, wanamwonea nani huruma, nani kawaudhi. Wataanza kwa mambo yasiyo na maana, ng'ombe waliovuka barabara, mtu aliyelala na kukoroma, na mahali fulani katikati ya hayo mmoja wao atasema neno ambalo Roho Mtakatifu ameliandaa. Hapo ndipo uwe na mstari, na uwe mmoja.

Kwa kuwa uliomba orodha, nami sitaki uone nimekunyima kabisa, nakupa Zaburi 121. Ni zaburi waliyoiimba mahujaji waliokuwa wakipanda kwenda Yerusalemu, kwa hiyo ni ya wasafiri hasa. Isomeni nyumbani kabla ya kutoka, kwa ufupi, wala msiombe mpaka dereva akaanza kupiga honi. Kisha mkiukaribia mji wa Muheza, milima ya Usambara ikionekana upande wa kulia, mwache mkubwa aseme peke yake, “Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?”, na wadogo wamjibu. Wataikumbuka kwa sababu wataiona milima yenyewe. Pale Segera washuke wote wanyooshe miguu, na uwahesabu kabla ya kupanda, ingawa shangazi yao atakuwa nanyi.

Kama mdogo atachoka, msilazimishe kufika siku hiyohiyo. Laleni Msata, asubuhi mje. Baba yako ameshaniambia kwamba chakula kitawangoja hata kikipoa. Mkivuka daraja la Wami unipigie simu, ili aje stendi mapema, maana anatembea taratibu siku hizi na hapendi pikipiki. Mwambie mkwe wangu asihangaike na zawadi, isipokuwa machungwa ya Muheza kama yatakuwapo. Wasalimie wazee wote wa huko Chumbageni, na usisahau nguo za kuogea za watoto.

Bwana awalinde mtokapo na mwingiapo.

Mama yako