Simulizi ya mchangia uloto isimuliwe mpaka kwenye sindano

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme machache kuhusu namna magazeti na redio zetu zinavyosimulia habari za wagonjwa wanaohitaji kupandikizwa uloto, yaani nyama laini iliyo ndani ya mifupa inayotengeneza damu. Msomaji huijua habari yenyewe kabla hajaimaliza: picha ya mtoto kitandani, mama kamshika mkono, gharama za matibabu, namba ya kutuma mchango. Mwishoni, nafasi ikibaki, huongezwa kwamba anatafutwa pia mtu wa kumchangia seli. Watu wanalia na kutuma fedha, na wengine hufika kweli hospitalini wamekunja mikono ya mashati kama wanaokuja kutoa damu. Baada ya wiki mbili imesahaulika.

Hatupingi simulizi. Rejista kubwa za wachangiaji, yaani orodha za watu waliojitolea kutoa seli shina, zile seli za uloto zinazozaa damu, zilizaliwa na habari ya familia moja moja. Ya kwanza ilianzishwa Uingereza mwaka 1974 na Shirley Nolan, aliyekuwa akimtafutia mchangiaji mwanawe Anthony. Mtoto alifariki 1979 bila kumpata, na rejista inaitwa kwa jina lake hadi leo. Rejista ya DKMS ya Ujerumani ilianza 1991, familia ya Mechtild Harf ilipokuwa ikihangaika na saratani ya damu iliyompata mama huyo. Tatizo letu ni kwamba tunasimulia ya mgonjwa tu. Hiyo huwaleta watu kujiandikisha, lakini anayetakiwa kutoa kitu mwilini mwake anahitaji kumsikia aliyekwishatoa, tena kwa undani.

Fikiria mtu aliyejiandikisha kwa sababu ya mtoto aliyemwona gazetini. Uwezekano wa kulingana na mtoto huyohuyo, yaani seli zake zikubaliane na za mtoto, ni mdogo mno. Akija kulingana na mtu, atakuwa mwingine kabisa, pengine baada ya miaka sita, pengine nchi nyingine, na jina lake hataambiwa. Siku anapigiwa simu, yule mtoto wa kwenye picha hayumo tena katika hesabu. Ndipo utasikia "nimesafiri", "nyumbani hawajakubali", au simu inaita tu. Watafiti wa Marekani waliofuatilia wanachama wa rejista wameona kwamba anayejiandikisha huku anasitasita ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kujitoa akiitwa.

Kujitoa ni haki ya mchangiaji, saa yoyote. Ila saa nazo hazifanani. Siku saba hadi kumi hivi kabla ya kupandikizwa, mgonjwa huanza kupewa dawa kali, wakati mwingine pamoja na mionzi, kuuondoa uloto wake mbovu. Akishafika hapo hana kiwanda cha damu. Mchangiaji akighairi, mgonjwa anaweza kufa. Habari isiyotaja jambo hili inamnyima msomaji nafasi ya kukataa mapema, wakati kukataa hakujamuumiza mtu.

Kosa jingine linachapishwa mara kwa mara: "anatafutwa mwenye damu kundi O". Kundi la damu si kigezo kikuu hapa. Kinachotazamwa ni alama za HLA zilizo kwenye seli, ambazo kwazo mwili hutambua kilicho chake na kisicho chake, nusu mtu amerithi kwa baba na nusu kwa mama. Mwenye kundi A anaweza kumchangia mwenye kundi O, na baada ya miezi kadhaa mgonjwa akawa na kundi la damu la mchangiaji wake. Tangazo likitaja kundi la damu linawafukuza waliofaa na kuwaita wasiofaa.

Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Mwenye ndugu wawili ana uwezekano wa kama asilimia 44 wa kumpata angalau mmoja anayelingana. Ndugu watatu, asilimia 58. Watano, asilimia 76. Ndugu wa mama tofauti hawamo katika hesabu hiyo hata kama wamekua wakila sahani moja. Mzazi hulingana nusu, na upandikizaji wa nusu upo, una taratibu zake.

Sasa simulizi ya mchangiaji. Njia inayotumika zaidi duniani ni kukusanya seli shina kutoka kwenye damu. Kwa siku nne mfululizo mchangiaji huchomwa sindano ya filgrastimu chini ya ngozi, tumboni au pajani, mikrogramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 hupata mikrogramu 700 kwa siku. Dawa hii huzisukuma seli shina zitoke ndani ya mifupa ziingie kwenye mzunguko wa damu. Kuanzia siku ya pili mifupa huuma, hasa kiuno, nyonga na kifua, na kichwa hugonga. Usingizi nao ni wa mang'amung'amu. Parasetamo huwatosha wengi. Aspirini haitakiwi kwa sababu inasumbua kuganda kwa damu. Bandama huvimba kidogo siku hizo, kwa hiyo mpira wa miguu, bodaboda kwenye barabara za makorongo na kubeba magunia vinawekwa kando. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto au kwenye bega la kushoto si ya kuvumilia, ni ya kukimbilia hospitali. Ni nadra, lakini yatajwe nayo.

Siku ya tano ni ya mashine. Sindano moja kila mkono: damu hutoka upande mmoja, inazungushwa, seli zinazohitajika zinachukuliwa, iliyobaki inarudi upande wa pili. Mkono inakotoka damu haukunjwi kwa saa nne hadi sita. Ukiwashwa na pua unamwita muuguzi. Haja ndogo inafanyika palepale kitandani, kwenye chombo. Damu isigande mle ndani, inachanganywa na sitrati, nayo sitrati hushika kalisi (madini ya kalsiamu) ya mwilini; ndiyo maana midomo na ncha za vidole huanza kuchonyota. Mchangiaji anayekaa kimya akijitia ujasiri huishia na misuli kukakamaa, ilhali angesema mapema muuguzi angepunguza kasi ya mashine au kumpa kalisi, na jambo likaisha. Mwenye mishipa myembamba huenda akawekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingo au wa kinena, na hilo linaamuliwa kabla, si asubuhi ya siku yenyewe.

Halafu seli zinahesabiwa. Kwa kawaida hulengwa kama milioni 4 kwa kila kilo ya mgonjwa, na hapo mchangiaji mdogo wa mwili anayemchangia mgonjwa wa kilo 95 anaweza kuambiwa arudi kesho. Asipojua kuwa kuna kurudi, hukasirika au huogopa. Kinachotoka mwishoni ni mfuko mmoja mdogo, husafirishwa ndani ya kisanduku chenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na unatakiwa uingie kwa mgonjwa ndani ya saa 72.

Sisi tunaona mchangiaji anayesimulia kwamba alishindwa kujikuna pua kwa saa tano anaaminika kuliko kumi wanaosema "haiumi hata kidogo". Mwandishi amwache aseme hayo. Asiyakate kwa kuhofia kuwatisha watu.

Njia ya pili ni kuvuta uloto wenyewe. Hapa ndipo hofu ya kupooza inapojaa, kwa sababu wengi huamini sindano inaingizwa kwenye uti wa mgongo. Sivyo. Mchangiaji hupigwa nusu kaputi, hulazwa kifudifudi, na uloto huvutwa kutoka nyuma ya mfupa wa nyonga, mbali na mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo. Kinachochukuliwa hakizidi mililita 20 kwa kila kilo ya mchangiaji. Hulala hospitali usiku mmoja au mbili, hutembea kwa kuchechemea, na maumivu ya kama aliyeanguka chali humwisha wiki moja hadi mbili. Uloto hujijaza tena ndani ya wiki nne hadi sita. Hatari yenyewe kubwa ni ya nusu kaputi, kama katika upasuaji mwingine wowote.

Njia hii inatuhusu zaidi hapa nyumbani. Muhimbili ilianza upandikizaji 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikiwapandikiza watoto wenye selimundu tangu 2023, wachangiaji wakiwa ndugu zao. Kwa selimundu uloto wa nyonga hupendelewa kwa sababu seli zilizokusanywa kwenye damu huongeza uwezekano wa seli za mchangiaji kuushambulia mwili wa mgonjwa. Ndugu mwenye AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu na si mgonjwa, anaruhusiwa kuchangia. Mwenye SS, aliyeirithi kwa wazazi wote wawili na ni mgonjwa, hawezi. Familia nyingi humwacha nyumbani yule wa AS siku ya vipimo zikidhani naye ni mgonjwa, na pengine ndiye pekee anayelingana.

Na hapa tunawaomba waandishi wawe wagumu. Mchangiaji akiwa mtoto wa miaka tisa, habari ikishatoka kwamba yeye ndiye "mkombozi wa dada yake", hana tena mlango wa kukataa. Taratibu nzuri zinataka mchangiaji aelezwe na daktari asiyemtibu mgonjwa, faragha, wazazi wakiwa nje kwa sehemu ya mazungumzo, na majibu ya kulingana aambiwe yeye au mlezi wake kabla ya ukoo mzima. Kwa hiyo jina na picha ya mchangiaji visitoke kabla hajachangia. Baada ya hapo atoe idhini yeye mwenyewe, aelezwe kuwa picha ikishaingia mtandaoni haitoki, na aulizwe kabla, si baada: ukiambiwa mgonjwa wako amefariki, ungependa habari hii ibaki? Wapo wachangiaji wanaobeba msiba huo kama kosa lao. Mtu wa kuzungumza naye awe ameandaliwa.

Kwa wasomaji wenu walioko ughaibuni mlango uko wazi zaidi. Rejista ya Anthony Nolan huko Uingereza hupokea wenye miaka 16 hadi 30, DKMS nchini Uingereza na Ujerumani miaka 17 hadi 55. Sababu ya kuwahimiza ni hesabu: utafiti uliochapishwa Marekani 2014 ulikadiria kuwa mgonjwa mwenye asili ya Ulaya ana uwezekano wa asilimia 75 wa kupata mchangiaji anayelingana kikamilifu kwenye rejista, na Mmarekani mweusi asilimia 19. Alama za HLA za watu wenye asili ya Afrika zina mchanganyiko mpana kuliko za watu wengine wote, huku waliojiandikisha wakiwa wachache. Mfano ambao waandishi wangefaa kuusoma ni wa Daniel De-Gale wa London, mtoto mweusi aliyekuwa na saratani ya damu. Wazazi wake walianzisha ACLT, taasisi ya kutafuta wachangiaji weusi, mwaka 1996, wakaibeba habari ya mtoto wao makanisani na kwenye vituo vya jamii, na kila walipoisimulia waliandaa watu wa kuchukua vipimo papo hapo. Mwaka 1999 Daniel alipandikizwa seli za mwanamke mweusi wa Marekani ambaye hawakuwa wakijuana kabla. Alifariki 2008, na ACLT haikuifuta sehemu hiyo ya habari yake. Inaendelea kuandikisha.

Kujiandikisha kwenyewe ni kusugua ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba kwa kama dakika moja, bila kula, kunywa wala kuvuta sigara muda mfupi kabla. Vijiti huachwa vikauke na kurudishwa ndani ya bahasha ya karatasi, kwani kwenye plastiki unyevu huleta ukungu. Makosa ya kawaida ni fomu isiyosainiwa na lebo za mume na mke kubadilishana. Kubwa kuliko yote ni namba ya simu iliyobadilika bila rejista kuarifiwa: mchangiaji yupo, analingana, na hapatikani.

Kuna na ujumbe wa WhatsApp. Tumeona maombi ya mchangiaji yanazunguka miaka baada ya mgonjwa kuzikwa, yakimfikia mama yake kwenye kundi la kanisa au la wana ukoo. Hayakuwa na tarehe.

Kwa hiyo, Mhariri, chini ya kila habari ya aina hii tunaomba kisanduku kidogo: tarehe ya kuandikwa na ya mwisho wa ombi, kituo au rejista inayopokea watu, siyo simu ya mjomba, umri unaokubalika, maneno kwamba utaandikishwa kwa ajili ya mgonjwa yeyote na huenda usiitwe kamwe, kwamba mchangiaji halipwi ila hurudishiwa nauli na gharama zake, na kwamba kwa rejista za Uingereza mchangiaji na mgonjwa hawaruhusiwi kujuana mpaka ipite miaka miwili, hivyo mwandishi asijaribu kuwakutanisha. Fedha za matibabu zitangazwe mahali pake, mbali na kisanduku hicho, maana vikikaa pamoja watu hudhani uloto unanunuliwa. Na ikitokea mgonjwa akafariki habari ikiwa mtamboni, familia iulizwe. Wakikubali itoke, namba ya kutuma fedha iondolewe na kisanduku kibaki.

Wauguzi na washauri wa wachangia uloto,
Dar es Salaam