Tesla 7 haitaponya picha mbaya ya moyo

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa afya kuhusu mashine za MRI (zinazopiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio) zenye sumaku ya Tesla 7, Tesla ikiwa kipimo cha nguvu ya sumaku, yamegusa jambo kubwa, lakini hesabu yake inaweza kuwapeleka wagonjwa kusiko. Mwandishi amechukua 7, akaigawa kwa 1.5 ya mashine za kawaida, akahitimisha kwamba picha ya moyo itakuwa bora karibu mara tano. Kwa upande wa ishara inayotoka mwilini hakukosea sana, maana sumaku ikiongezeka nguvu, protoni za maji, yaani viini vya hidrojeni iliyomo ndani yake, hutoa ishara kubwa zaidi. Ila protoni hazitoi kitu mpaka zichokozwe kwa mawimbi ya redio, na shida ya moyo inaanzia hapo.

Kwenye sumaku ya Tesla 1.5 protoni huitikia masafa ya megahezi 64, kwenye Tesla 3 ni 128, na kwenye Tesla 7 ni karibu 298. Masafa yakipanda wimbi hufupika, na ndani ya nyama yenye maji hufupika zaidi kuliko hewani. Katika Tesla 1.5 wimbi moja lina urefu wa karibu nusu mita ndani ya mwili, kwa hiyo kifua chote hupata nguvu inayokaribiana. Katika Tesla 7 wimbi ni kama sentimita 13 tu. Kifua cha mtu mzima ni kipana zaidi ya mara mbili ya hapo, hivyo mawimbi yanayoingia kutoka mbele, mgongoni na ubavuni hukutana njiani, na mahali pengine huuana. Palipouana hubaki doa jeusi, na doa hilo halichagui kukaa pembeni. Hutua hata juu ya msuli wa moyo wenyewe. Kwenye kipimo cha kuangalia damu inavyofika kwenye msuli, doa la namna hiyo linaweza kusomwa kama mshipa ulioziba.

Ndiyo maana Tesla 7 haitegemei ile koili kubwa, yaani antena ya kurusha mawimbi, iliyojengwa ndani ya tundu la mashine. Mgonjwa huwekewa koili kifuani na mgongoni zenye antena 8, 16, hata 32. Kabla ya picha ya kwanza hupimwa ramani ya wimbi la kila antena, mgonjwa akiwa amezuia pumzi, kisha kompyuta hupanga antena ipi itangulie, ipi ichelewe na ipi ipunguziwe nguvu ili mawimbi yapatane juu ya moyo. Mgonjwa akijisogeza baada ya hapo, ramani imekufa na kazi inaanza upya. Watafiti wa Berlin wamejaribu mipigo ya redio iliyokokotolewa mapema kutokana na vifua vya watu wengi, ili mgonjwa mpya asihitaji kupimiwa ramani yake. Njia hiyo inafanya kazi, na kwa maoni yetu ndiyo yenye matumaini kuliko zote, ingawa mtu ambaye umbo lake liko mbali na waliomo kwenye hesabu hawezi kuahidiwa matokeo yale yale.

Kisha kuna joto. Nishati ya redio inayobaki mwilini hupanda takriban kwa kipeo cha pili cha masafa. Kutoka megahezi 64 hadi 298, kwa hesabu ya kitabuni, ni karibu mara 22 kwa mpigo ule ule. Kanuni za kimataifa zinaruhusu wastani wa wati 2 kwa kila kilo ya mwili katika hali ya kawaida, na wati 4 chini ya uangalizi wa karibu. Sehemu ndogo ya kiwiliwili ina kikomo chake peke yake. Mashine ikifika kikomo hukataa kuendelea. Fundi atapunguza nguvu ya mpigo au atarefusha nafasi kati ya mpigo na mpigo, na kurefusha nafasi maana yake ni mgonjwa kuzuia pumzi kwa muda zaidi. Anayevimba miguu na kukosa hewa akilala chali hana muda huo wa kutoa.

Jambo ambalo makala hayakuligusa kabisa ni ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Sinema ya moyo, yaani picha za moyo ukidunda, haipigwi kwa pigo moja. Mashine hukusanya vipande kutoka mapigo kadhaa na kuviunganisha, na ili viungane lazima ijue kila pigo limeanzia wapi. Hujua kwa kukitazama kile kilele kirefu cha ECG, wimbi la R. Sasa, damu ina chumvi na inapitisha umeme. Ikikimbia ndani ya sumaku inazalisha umeme wake yenyewe, hasa kwenye upinde wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ambapo inakata njia ya sumaku. Umeme huo hujitokeza kama milisekunde 300 baada ya R, juu ya wimbi la T, kilima kinachofuata R kwenye ECG. Katika Tesla 1.5 T huvimba kidogo na mtu anazoea kuiona. Katika Tesla 7 inaweza kuipita R yenyewe, na mashine ikashtuliwa na kilele kisicho chake. Kwenye skrini utaona ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini, umejirudia, mmoja wa moyo uliokaza na mwingine wa moyo uliolegea, na kipimo cha asilimia ya damu inayosukumwa nje kinakuwa cha kubahatisha. Kipima mapigo cha kidoleni hakisumbuliwi na sumaku namna hiyo, lakini pigo hufika kidoleni kwa kuchelewa, na kuchelewa huko hubadilika. Berlin walikwenda njia nyingine, ya kusikiliza sauti ya vali za moyo kwa kinasa sauti kilichowekwa kifuani, maana sauti haijali sumaku. Ni akili kweli, ila mashine yenyewe hupiga kelele, na kelele hiyo lazima ichujwe.

Aina ya sinema nayo hubadilika. Ile tunayoipenda kwenye Tesla 1.5, yenye damu nyeupe na msuli wa kijivu, inataka uga wa sumaku ulio sawa. Hewa ya mapafu iliyopakana na moyo huuvuruga uga huo, na uvurugaji hukua pamoja na sumaku, kwa hiyo Tesla 7 huchora mistari myeusi katikati ya moyo. Wengi wamehamia kwenye mbinu nyingine ambayo weupe wa damu unatokana na damu mpya kuingia kwenye mkato, yaani kipande chembamba kinachopigwa picha. Hiyo hupendeza kwa kijana mwenye afya. Moyo uliochoka husukuma damu polepole, na tofauti ya damu na msuli hufifia kwa yule hasa anayehitaji kipimo. Mwaka 2010 kundi la Berlin lililinganisha Tesla 7 na 1.5 kwa watu wenye afya, wakakuta vipimo vya ventrikali ya kushoto vinakaribiana. Kwa mtafiti huo ni ushindi. Mgonjwa wa kawaida amerudishiwa jibu alilokuwa tayari analipata.

Tuchukue ugonjwa wa kwetu: utando wa kovu ndani ya moyo ambao Davies aliueleza huko Kampala mwaka 1948. MRI huuona kwa gadolini, dawa ya kung'arisha picha. Dawa inachomwa, unangoja dakika 10 hadi 20, mashine inageuza protoni, inasubiri kidogo, kwa kawaida milisekunde 250 hadi 350 kwenye Tesla 1.5, mpaka msuli mzima uwe mweusi. Kwenye ncha ya moyo utaona tabaka tatu: msuli mweusi, kovu jeupe, na ndani yake damu iliyoganda, nyeusi tena. Picha hiyo inasimama juu ya ule mpigo wa kugeuza. Usipogeuza vizuri upande mmoja, msuli mzima wa upande huo hautakuwa mweusi na utasomwa kuwa kovu. Katika Tesla 7 hilo ndilo gumu, na mipigo inayolazimisha mgeuzo kamili inakula nishati nyingi, tukarudi kwenye kikomo cha joto.

Hatusemi Tesla 7 ni upuuzi. Watafiti wa Minnesota, Marekani, walichapisha miongoni mwa picha zake za kwanza za moyo wa binadamu mwaka 2009, na tangu hapo mikato imekuwa myembamba na vijinyuzi vya ndani ya ventrikali vinaonekana wazi. Wale wa Oxford, Uingereza, wameitumia kupima fosforasi, yaani akiba ya nishati ndani ya msuli wa moyo, ambayo kwenye Tesla 3 ishara yake ni hafifu mno. Hapo nguvu ya sumaku inalipa kweli. Lakini hiyo ni kazi ya utafiti. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilipoidhinisha mashine ya kwanza ya Tesla 7 mwaka 2017, iliidhinisha kichwa, mikono na miguu, moyo haukuwemo.

Kwa hiyo msomaji aliyeandikiwa MRI ya moyo asiulize Tesla ngapi. Aulize kama kituo kinapiga moyo mara kwa mara na nani atasoma picha. Kama shida ni vali, echo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) hutangulia. Siku ya kipimo fundi anyoe nywele za kifua, asugue ngozi na kuikausha kabla ya kubandika elektrodi, na waya zisijikunje, maana waya uliokunjwa huunguza. Mgonjwa afundishwe kabla hajaingia: atoe pumzi kwanza, ndipo azuie, kwa sekunde 8 hadi 12. Wengi huvuta pumzi na kuizuia, na kwa namna hiyo moyo haurudi mahali pale pale kila mara, mikato 10 au 12 ya ventrikali isipangike. Kabla ya gadolini figo ziwe zimepimwa. Na aliyewekewa kidhibiti mapigo aje na kadi yake, kwa sababu jina na modeli ya kifaa ndivyo vinavyotumika kutafuta masharti yake ya sumaku. Vifaa hivyo hupimwa kwa Tesla 1.5, baadhi na 3. Kwa Tesla 7 mwenye navyo huachwa mlangoni.

Wapiga picha za MRI na wanafizikia wa tiba,
Dar es Salaam