Seli zilizouawa na dawa zilikuwa zimekaaje?

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Mara kwa mara magazeti huandika kwamba majani au magome ya mti fulani yameua seli za saratani maabara. Msomaji mwenye mgonjwa nyumbani akisoma hivyo anaweza kuacha kliniki na kukimbilia unga wa sokoni. Jambo moja halielezwi katika habari hizo: seli zenyewe zilikuwa zimekaaje?

Seli zikioteshwa kwenye pleti bapa hutandaa tabaka moja. Kila moja hupata dawa, chakula na oksijeni sawasawa na nyingine, na nyingi huwa zinagawanyika kwa kasi. Uvimbe wa mgonjwa hauko hivyo. Ndani yake zimo seli zilizobanana, zinazokosa oksijeni, zilizotulia bila kugawanyika, na dawa za saratani kama doxorubicin huzifikia kwa shida. Kwa hiyo dozi iliyosafisha pleti bapa mara nyingi huziacha hai seli za katikati pale zinapokuwa zimejikusanya kuwa kitufe, yaani sferoidi.

Kutengeneza vitufe hivyo hakudai mitambo mipya. Maabara yenye kabati la usalama, inkubeta (kabati la joto la kuoteshea seli) na hadubini inaweza kuanza na agarozi, unga utokanao na mwani ambao huganda kama jeli. Yeyusha gramu 1.5 katika mililita 100 za maji, ipitishe kwenye otoklevu, mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke, kisha ikiwa bado moto weka mikrolita 50 katika kila kisima, yaani kishimo kidogo, cha pleti ya visima 96. Agarozi hupanda kidogo ukutani na kuacha kibonde katikati. Kazi yote inategemea kibonde hicho, kwani seli haziwezi kuishika agarozi; huteremka na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Ukichelewa, agarozi huganda ndani ya pipeti na vibonde hutofautiana. Ncha ya pipeti ikikwaruza kibonde, seli hupenya chini, hushika plastiki na kutandaa, na hapo unapima seli za aina mbili kwa jibu moja bila kujua.

Kwa seli za ini za HepG2, anza na seli 2,000 katika mikrolita 200 za midia, yaani majimaji yenye chakula cha seli, na uziache siku 3 au 4. Midia ibadilishwe nusu tu, mikrolita 100, tena polepole ukipitia ukutani, la sivyo kitufe huvutwa na kumwagwa pamoja na midia ya zamani. Visima 36 vya pembezoni vijazwe maji safi bila seli, maana hukauka haraka na kuikoleza dawa kuliko ulivyokusudia. Kabla ya kuweka dawa pima kipenyo cha kila kitufe, visivyolingana vitupwe.

Hapa Arusha kuna jambo ambalo maelekezo yaliyoandikwa kwa maabara za pwani hayalitaji. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na oksijeni inayoyeyuka katika midia hupungua kwa karibu sehemu moja ya sita. Moshi, iliyo chini zaidi, upungufu ni mdogo lakini upo. Oksijeni hupenya kitufe kwa mikromita 150 hadi 200 hivi hata katika hali nzuri, kwa hiyo vitufe vya mikromita 500 huweza kufa katikati vyenyewe, na huku kwetu kifo hicho kitaanza kwenye kipenyo kidogo zaidi. Mtafiti asiyelijua hilo ataihesabia dawa vifo vya kukosa hewa. Kabonidioksidi ya inkubeta nayo ikiwekwa asilimia 5 kama kitabu kinavyosema, midia huwa na pH ya juu kidogo, yaani asidi yake hupungua. Karibu asilimia 6 ndiyo inayolingana na hali ya pwani.

Upimaji nao una mitego. Kipimo cha MTT hutegemea rangi ya zambarau inayotengenezwa na seli hai, lakini dondoo nyingi za mimea hutengeneza rangi hiyo zenyewe, hata pasipo seli yoyote. MTT yenyewe pia haiingii vizuri ndani ya kitufe. Ni afadhali kupima ATP, molekuli ya nishati iliyomo katika seli hai, kwa kemikali yenye nguvu ya kupasua kitufe kizima na kutikisa pleti nusu saa. DMSO inayoyeyushia dondoo isizidi asilimia 0.5, na visima vya kulinganishia viwe na kiasi kilekile.

Kwa plasta za vidonda na vipandikizi vya mifupa, ambavyo navyo hupimwa kwa seli, kiwango cha kimataifa cha ISO 10993-5 huhesabu kitu kuwa sumu uhai wa seli ukishuka chini ya asilimia 70. Ni mwanzo mzuri, ila kipandikizi chenye matundu kinapaswa pia kukatwa katikati na kutazamwa, kwa sababu seli hupenda kuishia juu juu huku ndani kukiwa kutupu.

Kitufe hakina mishipa ya damu wala kinga ya mwili, kwa hiyo hakiondoi haja ya majaribio kwa watu. Kazi yake ni kuchuja mapema. Marekani, kwa sheria ya Desemba 2022, iliacha kulazimisha dawa zipimwe kwa wanyama kabla ya watu, na vipimo vya seli vya namna hii ni miongoni mwa njia zinazokubalika. Arusha ina Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Moshi ina hospitali ya rufaa ya KCMC, na kati yao ni kama kilomita 80 tu za lami. Tunazisihi zikubaliane kipenyo kimoja cha vitufe na kiwango kimoja cha hewa, ili majibu ya huku yalinganishwe na ya kule.

Nawe Mhariri, mwandishi wako akiletewa habari ya mti unaoua saratani, aulize kama seli zilikuwa bapa au vitufe, kisha aombe kuona matokeo ya visima vilivyowekwa dondoo bila seli.

Wataalamu wa maabara ya seli,
Arusha