Malalamiko kuhusu kitabu chenu cha wasifu wa watu mashuhuri

Maktaba ya Chuo,
Morogoro.
12 Mei 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Wachapishaji wa kitabu cha wasifu,
kupitia kwa wakala wao, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KULETEWA KITABU TUSICHOAGIZA, KUTUMIWA KWA JINA LA MAKTABA YETU NA FEDHA ZA WAHADHIRI WETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi mwaka huu maktaba yetu ililetewa nakala ya kitabu chenu cha wasifu wa watu mashuhuri wa Afrika, ikiwa na ankara ya dola 395 za Marekani ndani yake, ingawa hakuna mtu hapa chuoni aliyekiagiza. Ankara hiyo ningeweza kuimaliza kwa simu moja. Ninaandika kwa sababu ya barua yenu ya mauzo aliyonionyesha mhadhiri wetu mmoja, ambamo maktaba yetu imetajwa miongoni mwa zile "zilizokipokea na kukiweka katika mkusanyo wao". Kupokea tulikipokea, kwa maana kwamba tarishi alikiacha mapokezi. Hakina namba ya rafu wala hakimo katika katalogi. Kimo kabatini kwangu pamoja na ankara yake.

Wahadhiri wetu wawili wamekwisha kuwalipa ili wasifu wao uchapwe kitabuni humo. Wote waliambiwa kuwa wameteuliwa na kamati ya wataalamu, kisha wakatakiwa kuchagua kati ya ukurasa peke yake, ukurasa pamoja na cheti, na ukurasa pamoja na cheti na ngao. Mmoja wao alipouliza majina ya wanakamati, aliambiwa ni siri. Aliposita kulipa, bei ilishuka hadi nusu kabla simu haijakatwa. Sijapata kusikia kamati ya kitaaluma inayotoa punguzo.

Nimekisoma kitabu chenyewe kwa makini, kwa kuwa kupima marejeo ndiyo kazi yangu. Makala hazina jina la mwandishi wala vyanzo. Makala ya mhadhiri wetu ni maneno yaleyale aliyoyajaza kwenye fomu yenu ya mtandaoni, hata sentensi ya mwisho iliyokatika katikati kwa sababu kisanduku kilijaa. Mmeichapa ikiwa imekatika vilevile, jambo linaloonyesha kwamba hakuna mhariri aliyeipitia. Nikawatafuta Watanzania ambao kitabu cha aina hii kisingeweza kuwaacha: Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1989 hadi 2001, na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Hawamo. Nadhani hawakulipa.

Wakala wenu alinijibu kwa simu kwamba kutoza ada ndiyo desturi ya dunia nzima, akataja Who's Who ya London, kitabu cha wasifu wa watu mashuhuri. Kitabu hicho kilianza mwaka 1849, na tangu 1897 kimekuwa kikichapa wasifu unaotokana na maelezo ya wahusika wenyewe, kwa hiyo sina ugomvi na fomu. Lakini anayeingizwa humo halipii nafasi yake wala halazimiki kununua nakala. Jina hilo, isitoshe, limetumiwa na kampuni nyingi zisizohusiana na wachapishaji wa London, kwa hiyo kulitaja hakuthibitishi lolote kuhusu kitabu chenu. Tunayo pia Dictionary of African Biography ya juzuu 6, ambayo makala zake zina majina ya walioziandika na orodha ya vyanzo, hivyo msomaji akitilia shaka jambo anajua pa kwenda kuhakiki.

Wakala aliongeza kuwa kitabu chenu kina ISBN. Namba hiyo, ambayo hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, hutambulisha kitabu tu, haihukumu yaliyomo; kitabu cha mapishi nacho hupewa.

Sisemi kwamba kuuza ukurasa ni kosa. Mngeuita tangazo la kulipia, anayelipa angejua anachonunua na maktaba ingejua pa kukiweka. Ninacholalamikia ni kuuza ukurasa huku mkisema ni uteuzi, na kuutafutia wanunuzi kwa jina letu.

Kwa hiyo naomba mfute ankara yenu na mje kukichukua kitabu kwa gharama zenu. Mliondoe jina la maktaba yetu katika barua zote za mauzo na kuwaarifu kwa maandishi wale mliokwisha kuwatumia. Muwarudishie wahadhiri wawili fedha zao zote. Na mfute taarifa zao binafsi iwapo wataomba, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Iwapo mnayo kamati, nitumieni majina ya wajumbe na vigezo vyao, nami nitavisoma kwa haki.

Nisipopata majibu ya maandishi ifikapo tarehe 2 Juni, nitaliwasilisha suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza biashara ya kupotosha wateja.

Wenu,

(Saini)
Mkutubi Mkuu

Nakala: Mkuu wa Chuo, Ofisi ya Ununuzi, wahadhiri wahusika.