Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Malaysia: neno "Allah" katika Biblia ya Kimalei

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kama watu wa kazi ya kutafsiri Maandiko. Amri ya wizara yako ya tarehe 5 Desemba 1986 iliwakataza wasio Waislamu kuchapa maneno manne: Allah, Kaabah, Baitullah na solat. Wanaoitetea husema Mkristo aandike "Tuhan" tu, mambo yaishe. Hayaishi.

Katika Biblia ya Kimalei maneno hayo mawili yamegawana kazi: Allah ni Mungu, Tuhan ni Bwana. Msomaji wa Kiswahili ataona upesi. Pale Mwanzo 2:4 inaposema "Bwana Mungu", Kimalei kinasema "TUHAN Allah". Ondoa Allah, weka Tuhan, unabaki na "Tuhan Tuhan". Kisha fungua 1 Wakorintho 8:6, ambako Paulo anamtaja Mungu mmoja, Baba, na Bwana mmoja, Yesu Kristo. Ukiwa na neno moja tu, tofauti iliyoibeba aya nzima inapotea, na hakuna tanbihi ya kuirudisha. Wala matumizi haya si ya jana: Injili ya Mathayo iliyotafsiriwa na Mholanzi Albert Ruyl, na kuchapwa kwa Kimalei mwaka 1629, imeandika Allah.

Hofu ya Waislamu tunaiheshimu. Ibara ya 11(4) ya Katiba inaruhusu majimbo kudhibiti uenezaji wa dini nyingine miongoni mwao, na mzazi ana haki ya kujua kitabu alichoshika mwanawe ni cha dini gani. Lakini hilo hujibiwa kwenye jalada. Mahakama Kuu, ilipoibatilisha amri hiyo tarehe 10 Machi 2021, ilibaini kwamba mwaka uleule wa 1986 Baraza la Mawaziri lilikuwa limeruhusu maneno hayo, mradi jalada liseme kitabu ni cha Wakristo. Amri ilivuka uamuzi iliopaswa kuutekeleza.

Mwaka 2023 serikali iliondoa rufaa yake, nasi tunashukuru. Ila hukumu haijipeleki yenyewe hadi kwenye meza ya forodha. Kesi ile ilitokana na CD 8 alizonyang'anywa Mkristo wa Sarawak katika uwanja wa ndege wa Sepang mwaka 2008. Januari 2014 Biblia zaidi ya 300 zilichukuliwa katika jimbo la Selangor, ingawa uamuzi wa serikali wa mwaka 2011, wenye mambo kumi kuhusu Biblia, ulikuwa umeziruhusu. Sababu ni moja: uamuzi ulikuwa wa serikali kuu, na waliozichukua, maafisa wa dini ya Kiislamu wa jimbo, walishika sheria ya jimbo ya mwaka 1988.

Kwa hiyo toa waraka mfupi kwa maafisa wa forodha. Kitabu chenye msalaba na maneno ya kuonyesha ni chapisho la Kikristo kisizuiliwe kwa sababu ya neno lililomo. Kisicho na alama kibandikwe lebo kwenye jalada palepale, na mwenyewe aondoke nacho. Tunasema lebo kwa makusudi: mwaka 2011 nakala zilipigwa mihuri ya wizara na namba, waumini wakaumia kuona Maandiko yao yamechafuliwa. Kinachochukuliwa kiandikiwe stakabadhi yenye kifungu cha sheria kilichotumika.

Na kabla waraka haujatoka, kaa na mabaraza ya dini ya Kiislamu ya majimbo, ukianza na Selangor, mkubaliane juu ya alama hiyohiyo moja. Bila wao, Biblia itapita Sepang salama na kukamatwa ghalani.

Wako,
Watafsiri na wahariri wa Maandiko